Nilimuuza Mwenyekiti kwa Perege Wawili

Wiki iliyopita, mjini Moshi, nilisimama dukani nyuma ya mama mmoja aliyekuwa anamchagulia paka wake chakula, na nikaona wivu. Mimi huyu, mtu mzima, mwenye meza yangu ya mitumba sokoni na wateja wanaoniogopa kidogo. Mama yule alikuwa ameshika vipakiti viwili, kimoja mkono huu na kingine mkono ule, anamwuliza muuzaji kipi ni laini zaidi, kwa sababu paka wake kazeeka, meno yanamsumbua, na cha kuku kakisusa. Muuzaji akasema cha samaki ni laini. Mama akasema cha samaki alikikataa juzi. Akakinusa, juu ya nailoni, kama mtu anayechagua parachichi. Mimi nilikuwa nimefuata kipande cha sabuni tu. Badala ya kukasirika kwa kucheleweshwa, nikajikuta nina miaka minane, nimesimama mlangoni mwa jiko la bibi yangu kule Kilema, nanusa maini yanayochemka bila chumvi, na najua kabisa kwamba si yangu.

Ambaye hajawahi kunusa maini ya ng'ombe yakichemka bila chumvi wala kitunguu, hajakosa kitu. Yananuka damu na chuma, kama sarafu iliyoshikwa muda mrefu mkononi. Lakini mtoto aliyekula makande siku tano mfululizo haulizi yananuka nini. Anauliza yanaenda kwa nani.

Nilipelekwa Kilema mwaka mama alipojifungua mapacha. Mjini tulikuwa na vyumba viwili, na mimi nilipiga hesabu mapema: mikono ya mama miwili, mapacha wawili. Nikarudia hesabu kwa njia nyingine, jibu likawa lile lile. Baba akanipandisha mlimani na begi moja, akanisimamisha uani na kumwambia mama yake, "Mama, nimekuletea jina lako." Maana ndivyo kwetu, binti wa kwanza hubeba jina la bibi mzaa baba, na mimi nililibeba jina hilo nikidhani ni kama tiketi: ukifika nalo unaonyesha, unapewa kiti cha mbele.

Kiti chenyewe kilikuwa na mtu. Ndani, sebuleni, kwenye kile kiti cha mbao chenye mto wa kijani alichokuwa anakalia Babu enzi za uhai wake, alilala paka mkubwa mweusi mwenye kifua cheupe. Tangu Babu afariki hakuna aliyethubutu kumwondoa pale. Akija mgeni, hata katekista, alipewa kigoda. Ndiyo maana walimwita Mwenyekiti. Alinitazama kwa jicho moja, akaona begi, akafumba.

Bibi alikuwa mrefu, mkavu, mwenye maneno machache na kazi nyingi. Alikuwa na kihamba chake cha migomba na kahawa, ng'ombe mmoja wa maziwa, na ule mfereji wa maji uliopita chini ya shamba ambao wote tuliuita mfongo. Alinipenda, sasa najua, kwa namna ya watu wa mlimani: alinishonea sketi, alinikagua masikio Jumapili, na alinipakulia chakula kwenye sinia moja na yeye. Wakati ule hilo la sinia niliona ni dharau. Mwenyekiti alikuwa na sahani yake mwenyewe, ya bati, yenye ua jekundu. Mimi sikuwa na sahani.

Mambo yaliharibika siku alipokuja bwana mifugo. Alikuja kwa ajili ya ng'ombe, akamaliza kumtibu, akaanza kufunga mkoba wake kwenye pikipiki. Bibi akamwambia bado.

"Bado nini, Bibi?"

"Kuna mwingine ndani. Siku ya tatu hali. Akitafuna anatikisa kichwa, anatema."

Bwana mifugo alipoona ni paka, akacheka. "Bibi, mimi nilikuja kwa ng'ombe."

"Ng'ombe umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi njoo huku."

Bwana mifugo alimfunga Mwenyekiti kwenye kanga kuukuu hadi shingoni, akamfungua mdomo, na mimi nikachungulia. Ufizi ulikuwa umevimba, mwekundu kama nyama mbichi, na nyuma kulikuwa na meno mawili ya kahawia yaliyooza. Aliyang'oa yote mawili. Akasema yaliyobaki nayo hayana siku nyingi, kwa hiyo chakula kigumu ndiyo basi tena. Vitu laini tu, visivyo na chumvi, na samaki atolewe miba yote. Bibi alimsikiliza kwa makini kuliko alivyomsikiliza padri. Mimi nikajiuliza mbona Bibi anaitikia kwa kichwa hivyo, kama anayepewa kazi ya heshima.

Kuanzia siku hiyo nyumba nzima ilifanya kazi ya kumchagulia Mwenyekiti chakula. Bibi alianza na ugali laini ndani ya maziwa, paka akageuza mgongo. Akampikia mtori, akauponda mpaka ukawa kama uji. Paka akaramba supu ya juu, ndizi akaziacha. Yai: alikula kiini, ute akauacha. Dagaa waliotwangwa kwenye kinu: hao ndio aliwatukana kabisa, akaparua sakafu kando ya sahani kwa mguu wa mbele, kama anafukia uchafu. Mwishowe tukajua anakubali vitu viwili tu. Maini yaliyochemshwa, yakapondwa kwa uma, yakapozwa mpaka uvuguvugu ambao Bibi aliupima kwa kudondoshea tone upande wa ndani wa kifundo cha mkono, vile wanavyopima maziwa ya mtoto mchanga. Na perege, samaki wa kutoka bondeni, aliyechambuliwa mwiba mmoja mmoja.

Mimi nilikula kilichokuwa chunguni. Hakuna aliyeniuliza kama nimekubali.

Na kilichoniuma zaidi ni kwamba hata mimi nilikuwa na mambo ya meno. Mwaka ule ndio niliokuwa nang'oka ya mbele. La kwanza Bibi alilifunga uzi, akalivuta huku ananiuliza habari za shule, akalitupa juu ya bati, akasema kachote maji. La pili vile vile. Nikahesabu: yeye kang'oka mawili, mimi mawili. Tupo sawa. Yeye maini, mimi ndoo ya maji. Nikaona hapa kuna mtu anaonewa, na si paka.

Jioni moja nikashika shavu.

"Bibi, jino linaniuma."

"Lipi?"

Nikamwonyesha.

"Asubuhi ulisema la upande ule."

"Limehama."

Bibi akainuka. "Sukutua." Akanipa maji ya moto yenye chumvi, na karafuu moja niing'ate. Nilisukutua mpaka machozi yakanitoka, nikauma karafuu mpaka ulimi ukafa ganzi, kisha nikauliza, kwa sauti ya mgonjwa, kama hakuna chakula laini kidogo.

"Upo uji."

"Na maini?"

"Maini ni ya anayepungukiwa meno. Wewe yako yanakuja." Akarudi kuponda.

Jumapili mama alipiga simu. Bibi alikuwa na simu ya tochi, tulisimama kwenye jiwe la nyuma ya banda ambako mtandao ulishika. Nilisubiri zamu yangu nikiwa nimepanga malalamiko yote kwa mpangilio. Nikamsikia Bibi anasema, "Anaendelea vizuri, jana kala maini yote. Ndiyo. Yale ya nyuma katolewa. Eeh, anapata usingizi." Nilijua si mimi. Zamu yangu ilipofika, mama akaniuliza kama namsaidia Bibi kumtunza Mwenyekiti, kisha pacha mmoja akalia, kisha mwingine, kisha salio likaisha.

Sasa lazima nieleze habari ya jani, maana bila jani msingejua kwa nini nilijiamini vile. Kwetu kuna mmea wa isale, majani marefu ya kijani, tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba. Mtu aliyekukosea akikujia ameshika jani la isale, unasamehe. Hakuna mjadala. Nilishuhudia kwa macho yangu: mbuzi wa jirani alikula miche yote ya kahawa ya Bibi, na Bibi akaapa kwamba yule mzee hatakanyaga tena uani kwake. Siku mbili baadaye mzee akaja na jani mkononi, hakusema hata maneno kumi. Bibi akalipokea, akamletea kigoda na maziwa mgando. Miche haikurudi, lakini kesi iliisha. Mimi niliyekuwa nimejificha nyuma ya mlango nikaelewa kivyangu. Nikaona jani lile ni vocha. Unaitafuta mapema, unaiweka, na siku ukiishiwa unaikwangua.

Siku za soko zilikuwa Jumanne na Ijumaa, na samaki waliletwa na mama mmoja kutoka Kahe, kule chini kwenye joto, tuliyemwita Mama Mwajuma. Alikaa chini ya mwavuli na beseni lake, na Bibi alikuwa mteja wake mgumu kuliko wote. Nakumbuka mara ya kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nipe asiye na miba."

"Mama yangu, asiye na miba huyo siyo samaki."

"Basi mwenye miba mikubwa, inayoonekana. Ni wa mgonjwa."

"Pole. Nani anaumwa?"

"Mwenyekiti. Meno yanamsumbua."

Mama Mwajuma akasikitika sana, akachagua perege mnene, akaongeza na mdogo juu, akasema ampelekee Mwenyekiti salamu, uongozi ni kazi. Zilipita siku tatu za soko kabla hajajua kwamba kiongozi mwenyewe ana mkia. Alicheka mpaka akashika nguzo ya mwavuli. Kisha akapangusa macho, akasema, "Jamani, nyie paka anakula samaki, na mimi kule Kahe panya wanakula mahindi yangu ghalani. Wanalala humo, wanazaa humo. Ningepata paka mmoja tu!"

Bibi hakulisikia hilo, alikuwa anakagua mashavu ya samaki. Mimi nililisikia vizuri.

Alhamisi nilikwenda mpakani nikakata jani moja la isale, refu, lisilo na doa, nikalilaza chini ya godoro. Ijumaa, Bibi alikuwa na kahawa ya kuchuma, akanituma sokoni peke yangu na chane mbili za ndizi nikabadilishe na perege mmoja wa Mwenyekiti. Alipoingia shambani nikamchukua Mwenyekiti kutoka kwenye kiti chake. Alikuwa mzito, wa moto, hakupinga; alidhani nampeleka kula. Nikamtia kwenye kikapu chenye mfuniko, nikafunga kwa kamba ya mgomba, nikateremka.

"Mama Mwajuma, paka bado unataka?"

"Nani hataki?"

Nikafungua mfuniko nusu. Akatazama.

"Mbona mnene hivi?"

"Panya."

"Huyu siyo yule Mwenyekiti wa bibi yako?"

Nilishafikiria hilo njiani. "Hapana. Huyu ni Katibu."

Akanitazama. "Bibi kakubali?"

"Bibi ndiye kanituma."

Alimshika tumbo, akamkagua makucha, akamvuta mkia kidogo. Mimi nilikuwa namkuna Mwenyekiti chini ya kidevu kwa upendo mkubwa, vidole vyangu viwili vimembana mdomo usifunguke. Hakuomba kuona meno. Hadi leo mteja akija mezani kwangu, akaangalia kola na vifungo bila kugeuza nguo ndani nje, huwa namkumbuka Mama Mwajuma.

"Unataka nini?"

"Perege wanne."

"Mmoja."

"Watatu. Ana uzoefu."

"Wawili, na ukiongeza neno nakuachia paka wako."

Sikuongeza neno. Wawili wa paka, na mmoja wa ndizi, nikapanda mlima na perege watatu na kikapu chepesi. Nilikuwa nimepiga hesabu kwamba mapenzi ya Bibi ni chungu kimoja. Tukiwa wawili, kila mtu nusu. Mmoja akiondoka, chote kinabaki kwa aliyepo. Niliirudia hesabu hiyo mara mbili kabla ya kufika kanisani na mara moja baada ya kanisa, na sikuona kosa.

"Watatu?" Bibi aliuliza. "Kwa chane mbili?"

"Nimebishana naye."

Akatabasamu. Nilikuwa sijawahi kumwona akinitabasamia hivyo, moja kwa moja. "Huyu kweli ni jina langu," akasema, kisha akaketi na kuanza kumpikia Mwenyekiti perege wote watatu.

Hilo sikulitegemea. Nilikaa mbele yake, nikamtazama anachambua. Alikuwa anapitisha nyama kati ya kidole gumba na cha shahada, polepole, macho amefumba nusu, na kila mwiba alioupata aliuweka ukingoni mwa sinia. Nilihesabu miba mpaka ikapita mia. Akaweka kwenye sahani yenye ua jekundu, akapima uvuguvugu, akaita. Akaita tena. Akatoka mlangoni na sahani mkononi akaita kuelekea migombani, kwa Kichagga, kwa sauti nyembamba ambayo hakuwa anaitumia kwa mtu mwingine. Thamani ya paka ilikuwa imepikwa, imechambuliwa miba, na inamsubiri paka.

Aliifunika sahani. Asubuhi ilikuwa vile vile. "Kula wewe," akaniambia, "mwenyewe hayupo."

Kwa hiyo nilipata. Chakula kilichochaguliwa, kilichochambuliwa kwa vidole vya Bibi, kwenye sahani ya peke yangu. Hakikuwa na chumvi. Nilikimaliza kwa sababu alikuwa ananiangalia, lakini hakuwa ananiangalia mimi, alikuwa anaangalia sahani.

Siku zilizofuata zilinifundisha kwamba hesabu yangu ilikuwa na tundu. Mwenyekiti alipokuwepo, alikula maini tu. Alipoondoka akala kila kitu. Alikula mazungumzo yetu ya jioni, maana Bibi alikuwa anakatisha sentensi kusikiliza nje. Alikula muda wa kuchuma kahawa, maana Bibi alishuka hadi kwenye mfongo kuangalia kama amezama, akapanda hadi kwa jirani, akauliza kila mtoto aliyetoka shule. Alisema, "Hawezi kuwinda. Hata mjusi hawezi kumtafuna. Huko aliko atakufa na njaa." Akasema hivyo akiwa amenipa mgongo, na hakulia, lakini alikunja kanga yake na kuikunjua, akaikunja tena. Mimi nilikuwepo pale pale, nina meno yangu, na hakuna aliyeniona. Wivu wangu kwa paka asiyekuwepo ulikuwa mkubwa kuliko ule wa kwanza. Jani nililiacha chini ya godoro. Niliogopa nikilitoa itabidi nieleze.

Jumanne Bibi akasema twende sokoni, tukamwulize na Mama Mwajuma, yeye hupita njia nyingi. Nikasema tumbo linaniuma. "Litaacha njiani," akasema.

Mama Mwajuma alituona kutoka mbali, akasimama. "Shikamoo, mama. Afadhali umekuja mwenyewe. Huyu mjukuu wako kaniuzia Katibu mbovu!"

"Katibu gani?"

Akafungua kikapu. Kichwa cha Mwenyekiti kikachomoza, kimekonda, masikio yamekuwa makubwa, akatazama watu kana kwamba yeye ndiye aliyeitisha mkutano.

"Siku nne nipo naye," Mama Mwajuma akasema, na soko lilikuwa limeanza kusogea. "Namweka ghalani, panya wanapita mbele yake. Mmoja kapita juu ya mkia wake, wallahi! Nikasema huyu ana dharau au? Nampa dagaa, anaparua chini. Nampa ugali, ananipa mgongo. Jana namfungua mdomo, hamna kitu! Gunia tupu! Ndipo nikamkumbuka yule Mwenyekiti wako mgonjwa. Mtoto, ulinidanganya mchana kweupe!"

"Hukuuliza meno," nikasema.

Sijui ilitoka wapi. Soko lilipasuka kwa kicheko. Muuza nyanya alijipiga paja, mtu akasema huyu mpelekeni mnadani, na Mama Mwajuma mwenyewe, akiwa bado amekasirika, aligeuka pembeni ili tusimwone anacheka. Kwa sekunde mbili nilikuwa mtu mashuhuri. Kisha nikamtazama Bibi. Bibi hakucheka. Alimchukua Mwenyekiti akamfunga kwenye kanga kifuani, akamwachia Mama Mwajuma ndizi zote alizokuja nazo, akamwomba radhi kwa jina langu, ambalo ni lake, akaanza kupanda. Hakugeuka kuona kama nafuata.

Nyumbani nilikimbilia godoro. Nikamkuta Bibi jikoni, nikashika jani kwa mikono miwili kama nilivyomwona yule mzee, nikapiga goti. Nilikuwa na uhakika. Aliyeletewa isale hana njia ya kukataa.

Bibi alilipokea. Akaligeuza upande wa pili, akalipitisha kidole. Lilikuwa limelegea, lina kovu la kukunjwa katikati, na ncha zilikuwa zimeanza kuwa njano.

"Umelikata lini?"

"Leo."

"Lini?"

"Alhamisi."

"Na paka ulimuuza lini?"

"Ijumaa."

Nikasikia mwenyewe nilichosema. Bibi aliliweka jani kwenye meza, taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Hili siyo la kuomba msamaha," akasema. "Hili ulilikata kuomba ruhusa. Na mimi ruhusa sikutoa." Akaelekeza kidevu sebuleni, ambako Mwenyekiti alikuwa amelala sakafuni, hakuwa na nguvu ya kurukia kiti. "Halafu aliyeuzwa siyo mimi. Ni yule. Ana siku nne hajala. Asipokula mpaka Ijumaa, atakufa. Mlishe wewe. Akikupokea yeye, njoo na mimi nitakupokea. Kabla ya hapo, mimi na wewe ni shikamoo na marahaba."

Alimaanisha. Asubuhi nilisema shikamoo Bibi, akasema marahaba, akatoka. Jioni vile vile. Tulikula sinia moja, na mikono yetu haikugusana. Aliniachia maini mabichi mezani, kipande cha ukubwa wa kiganja, kisha akaenda kwenye ng'ombe wake.

Niliyachemsha, nikayaponda, nikamwekea. Akanusa, akageuka. Nikadhani ni ya moto. Nikayapoza, yakaganda mafuta, akageuka tena. Nikajaribu supu peke yake, alilamba mara mbili akaacha. Nikajaribu kiini cha yai, na mtori, na maziwa. Nikamlaani. Nikamwomba. Nikamwambia kwamba nitamchukia maisha yangu yote lakini ale. Ilinijia kwamba kwa miezi yote ile niliyosimama mlangoni mwa jiko nikimtazama Bibi, nilikuwa naangalia kiasi gani anapewa, sikuangalia anapewaje.

Alhamisi mchana Mwenyekiti alipiga mwayo, nikaona ndani. Jino jingine lilikuwa limetoka huko Kahe, na pengo lake lilikuwa bichi. Nikatazama maini kwenye sahani. Nilikuwa nimeyaponda kwa uma, na uma unaacha nyuzi nyuzi, zilikuwa zinamchoma. Bibi alikuwa anarudia kuponda mara tatu, mara nne, kwa mgongo wa kijiko. Nikatafuta kijiko, nikaona bado. Basi nikayatia mdomoni.

Sikilizeni. Nilikuwa nimeyatamani maini yale tangu mvua za kwanza. Yalikuwa mdomoni mwangu, ya uvuguvugu, laini, matamu kuliko yanavyonuka, na mlangoni hakukuwa na mtu. Niliyatafuna kwa magego, maana mbele nilikuwa na mapengo, nikatafuna mpaka yakawa uji, na koo lilikuwa linapanda na kushuka lenyewe. Nikayatema kwenye kiganja. Nikamsogezea.

Alinusa kwa muda mrefu. Kisha ulimi wake ukagusa kiganja changu, mkwaruzo kama msasa, mara moja, mara mbili, nikahesabu hadi kumi na nne, akainua kichwa kudai zaidi. Nikatafuna tena. Akala tena. Nikatafuna tena.

Nilipogeuka, Bibi alikuwa mlangoni na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini.

"Unamtafunia?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na hujameza?"

"Sijameza."

Akasubiri. Alikuwa na uwezo wa kusubiri akiwa na mzigo kichwani.

"Kidogo," nikasema.

"Kidogo kiasi gani?"

"Robo."

Akatua mzigo. Akaja akachungulia sufuria, akachungulia sahani, akanishika kidevu, akachungulia na mimi.

"Nusu," akasema.

"Nusu," nikakubali.

Akashusha pumzi, na nikaona bega lake linatikisika, anacheka bila sauti. Kisha akaketi sakafuni, hapo hapo, akanyoosha miguu yake mirefu kati yangu na Mwenyekiti, akaanza kuniambia habari za ng'ombe, jinsi alivyogoma kukamuliwa asubuhi, kana kwamba tulikuwa tumekatishwa mazungumzo dakika chache tu zilizopita. Nilimsikiliza, lakini siwezi kudanganya, macho yangu yalikuwa yanapima. Kutoka kwake hadi kwa paka, viganja vitatu. Kutoka kwake hadi kwangu, viwili.

Nikapima tena.